Aliyekuja Mwisho

Kisumu Ndogo,
Malindi.
12 Oktoba, 1986

Kwa dada yangu Priscilla,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute salama, wewe na shemeji Mramba na watoto wote hapo Jilore. Goti lako lililokuwa likivimba wakati wa mvua limepoa, au bado unalifunga kitambaa? Na ile mihogo ya bondeni, nguruwe wamewaachia chochote mwaka huu? Sisi huku ni wazima. Musembi anakusalimu, ametoka kwenda kumtazama rafiki yake mgonjwa. Mwikali naye hajambo, yuko hapa mezani pamoja nami anafanya hesabu zake za shule. Mimi pia sijambo, ila mkono wangu wa kushoto una makovu ambayo ukiyaona utadhani nilianguka kwenye miiba. Si miiba. Habari yake utaisoma.

Barua yako niliipokea kwa Mwalimu Laban Jumapili iliyopita tulipotoka kanisani. Nimeisoma nikairudia. Umeniuliza jambo moja la maana, kwamba shule zikifungwa mwezi ujao, je, umfungie Dama nguo zake na umlete huku akae kwangu moja kwa moja, kama nilivyokuandikia kwa maneno makali baada ya Pasaka. Umesema unangoja nitaje siku tu. Unajua, na mimi najua, kwamba nilimzaa mimi na ukamlea wewe tangu hajaota jino, na kwamba tulikubaliana nikipata nyumba yangu nitamchukua. Nyumba sasa ninayo. Kwa hiyo swali lako ni la haki na nitalijibu. Lakini ili ulielewe jibu langu itabidi univumilie kwanza nikusimulie habari za paka. Najua unacheka. Musembi naye alicheka.

Hukuja kwenye harusi yetu kwa sababu ya goti, kwa hiyo nyumba hii hujaiona. Ni ya vyumba vitatu na sebule, na nyuma yake kuna stoo ambamo Musembi anaweka magunia yake ya mahindi, maharagwe na kunde kabla ya kuyapeleka sokoni. Palipo na magunia pana panya, na ndiyo maana marehemu mke wake, Syombua, alifuga paka. Nilipoingia niliwakuta wawili. Mmoja ni Malkia, jike mzee, mweupe mwenye mabaka ya kijivu. Wa pili ni mwanawe Malkia, dume kubwa la rangi ya mkate uliookwa, na kwa hiyo wanamwita Boflo. Mimi nilikuja na wangu, Chausiku, yule mweusi mdogo niliyemlea katika chumba changu cha kupanga siku zile nilipokuwa nikifua mashuka ya hoteli. Ulimwona ulipokuja kunitazama. Alikuwa halali isipokuwa kwenye miguu yangu, na alikuwa hali mpaka nimwite. Katika maisha yangu ndicho kiumbe cha kwanza kilichokuwa changu bila kushirikiana na mtu.

Siku niliyohamia nilikitua kikapu cha Chausiku katikati ya sebule, nikafungua kifuniko, nikajiambia watazoeana wenyewe. Malkia alikuwa amelala kwenye kiti cha Musembi. Akainuka, manyoya yakamsimama mpaka akawa kama mto. Boflo akatokea stoo. Chausiku alipoona macho yale manne aliruka akapanda pazia, kutoka kwenye pazia akafika juu ya kabati, na huko juu akagonga picha ya marehemu iliyotundikwa ukutani. Picha ikaanguka, kioo kikavunjika vipande vipande.

Mwikali, binti ya Musembi, wakati huo alikuwa amefikia miaka kumi na mitatu. Alileta ufagio, akakusanya vioo, akaifuta picha ya mama yake kwa pindo la gauni, akaitundika tena vile vile bila kioo. Hakunitazama. Mimi nilisema pole, Musembi akasema ni bahati mbaya, na sote tulikuwa tumeielekea ile picha, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa mwenye nyumba na sisi wageni.

Tangu siku hiyo nyumba ikawa na mipaka. Boflo hakuwa mpiganaji kama nilivyodhani. Alichofanya ni kulala kwenye kizingiti cha stoo, amejinyoosha, akimtazama Chausiku tu bila kupepesa. Debe la mchanga la haja zao lilikuwa huko ndani ya stoo, na mlango wa uani pia uko huko. Chausiku hakuthubutu kupita. Akawa anajisaidia chini ya kitanda chetu. Malkia alipoinusa harufu hiyo, naye akaja akakojolea gauni langu la kanisani, lile la buluu ulilonishonea wewe. Nilifua, nilianika, nilisugua sakafu kwa sabuni na ndimu. Kesho yake alikojolea mto wangu. Wa Musembi, uliokuwa kando yake, hakuugusa.

Dada, wewe unanijua tangu utoto. Unakumbuka nilivyokuwa nikilia mama akikubeba wewe mgongoni ulipougua surua, ingawa mimi nilikuwa mzima. Wivu nimezaliwa nao. Basi sikumwona Malkia kama mnyama. Nilimwona kama mtu aliyetumwa. Jioni Musembi akirudi, kabla hajanisalimu mimi, alikaa kwenye kiti chake na Malkia akapanda mapajani, na mume wangu akaanza kumsemesha kwa Kikamba. Kikamba sikijui. Mwanamume ambaye akiwa na mimi alikuwa mchovu wa kujibu hata ndiyo, kwa paka alikuwa na maneno mengi ya chini chini, na mara nyingine anacheka. Nilimwuliza siku moja anamwambia nini. Akasema anamwuliza amekamata panya wangapi. Sikumwamini. Nilijua anamwambia habari za mke wake.

Nikawa nampiga Malkia. Kwa ufagio, kwa kandambili, kwa chochote kilichokuwa karibu, Musembi akiwa hayupo. Na kila nikimpiga, alikwenda moja kwa moja akamvamia Chausiku, na Chausiku akipigwa alijificha juu ya magunia akijilamba tumbo mpaka manyoya yakaisha, likabaki jekundu kama kidonda. Alikuwa akila kwa pupa na kutapika. Ilinichukua muda mrefu mno kuona kwamba fimbo yangu ilikuwa ikimpitia Malkia tu ikamfikia wangu.

Panya nao waliona kwamba walinzi wana shughuli nyingine. Paka watatu walikuwa wakilindana wao kwa wao, na magunia yakatobolewa. Jirani yangu Nyakio, mama wa Kikuyu anayeuza mboga pale kona, aliniambia kwao jambo kama hilo ni dogo. Unamtia mmoja guniani, unampa mtu wa gari, anakwenda kumwachia ng'ambo ya mto Sabaki, hawezi kurudi. Nilimjibu nitafikiri.

Ikaja Pasaka. Jumatatu ya Pasaka nilikuwa na hasira kubwa ambazo sababu yake nitakuambia huko mbele. Musembi aliingia stoo akakuta gunia zima la kunde limechanwa na kunde zimechanganyika na mavi ya panya. Alitoka nje akakaa kibarazani. Nikamwambia nyumba hii ina paka wengi kuliko inavyoweza. Akafikiri kidogo, akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayepanga mizigo:

"Ikibidi mmoja atoke, atatoka aliyekuja mwisho."

Alikuwa akisema juu ya Chausiku. Nakuapia alikuwa hana lingine moyoni. Lakini mimi nilisikia nikitajwa jina langu. Niliingia ndani nikatazama ile picha isiyo na kioo, na nikaamua kwamba katika wanawake wa nyumba hii atakayetoka si mimi. Juma hilo hilo ndipo nilipokuandikia ile barua ya kudai mtoto. Na juma hilo hilo nilizungumza na Ndirangu, dereva wa lori linalombebea Musembi maharagwe, na akakubali kupita Ijumaa mchana, Musembi akiwa sokoni na Mwikali shuleni, amchukue Malkia akamtupe mbali.

Kumtia kikapuni ndiko kulikonipa makovu. Yule mzee ana nguvu. Nilikuwa namaliza kufunga kifuniko kwa kamba, damu inatiririka mpaka kwenye kiwiko, Mwikali akaingia. Walikuwa wameachiliwa mapema kwa sababu ya kikao cha walimu. Alisimama mlangoni na mfuko wake wa vitabu. Nilitegemea apige kelele, na kwa kweli nilitaka apige kelele, ili na mimi nipate kupiga. Hakupiga. Alikuja akachuchumaa karibu na kikapu, akatia kidole kimoja kwenye tundu, na Malkia akakilamba.

"Mama alipougua," akasema, "watu waliacha kuingia kwake. Walisema kikohozi kinaambukiza. Hata mimi nilikatazwa, nilikuwa nasimama dirishani. Huyu peke yake ndiye aliyelala naye mpaka siku ile."

Akaendelea bila kuinua macho:

"Anti, kama lazima umtoe, mtoe. Lakini na mimi nipeleke kwa nyanya."

Nje lori la Ndirangu lilipiga honi. Nilitoka nikamwambia kazi hakuna, samahani kwa kumpotezea wakati. Alinitazama mkono akauliza kama nimeumwa na mbwa.

Niliporudi ndani, Mwikali alikuwa amekwisha kufungua kamba. Nilidhani amefanya kwa dharau. Kumbe alikuwa ameleta maji ya chumvi kwenye bakuli anioshe mkono. Tukaosha, na tulipokuwa tukiosha akasema amewahi kufikiri jambo lakini hakujua namna ya kuniambia. Yeye achukue Malkia na Boflo wakae chumbani kwake, mlango ufungwe, na Chausiku akae na mimi upande huu. Wasionane kabisa kwa muda, mpaka wasahau kwanza kuogopana. Nikamwuliza ni nani aliyemfundisha. Akasema hakuna, ila hata wao kule shuleni waliogombana walikuwa wakitenganishwa madawati.

Ndivyo tulivyoanza. Tulikata madebe mengine tukayajaza mchanga, kila upande na lake, ili asiwepo wa kumngoja mwenzake kizingitini. Vyombo vya chakula tukaviweka mbalimbali, na maji pia. Mchana tulibadilishana zamu, hawa wakitoka uani wale wanafungiwa, na baadaye kinyume chake. Katika juma la kwanza tu Chausiku aliacha kutapika. Malkia naye aliacha kunikojolea nguo, kwa maana harufu ya mgeni ilikuwa haimfuati tena mpaka kitandani.

Boflo peke yake ndiye aliyebaki na shida. Alikuwa akipulizia mkojo mlangoni na kulia kutwa. Musembi alimwita Bwana Mifugo, jina lake Gerishom, mtu wa Kaloleni mwenye maneno machache, ambaye hutembelea ng'ombe na mbuzi. Alimtazama Boflo, akamwuliza Musembi kama anataka watoto wake. Musembi akasema hapana. Basi akamhasi pale pale uani, juu ya gunia. Boflo alilala siku mbili kisha akaamka na njaa. Musembi ndiye aliyekosa raha juma zima, na alikuwa hataki suala hilo litajwe wakati wa kula. Lakini dume lile lilipoa, na Gerishom alipokuwa akinawa mikono aliniambia neno moja nililolishika, kwamba anayeogopa anataka njia ya kupita, kwa hiyo wapeni njia nyingi. Musembi akapigilia mbao ukutani, moja juu ya nyingine, kutoka sebuleni mpaka stoo, ili Chausiku apate kupita kwa juu hata Boflo akilala chini.

Siku moja tulipokuwa tukifua, magunia ya kulalia yakachanganyika, tukampa Malkia gunia la Chausiku bila kujua. Alilinusa, akalikoromea, akalizunguka, mwisho akalilalia. Mwikali alikuja mbio kuniita nione. Kuanzia hapo tukawa tunayabadilisha kwa makusudi. Kisha tukaanza kuwalisha penye mlango wa chumba cha Mwikali, mlango ukiwa umefungwa, Malkia na Boflo upande wa ndani, Chausiku upande wa nje. Mwanzo vyombo vilikuwa mbali na mlango, na kila siku tukavisogeza kidogo. Wakikunja masikio, tunarudi nyuma.

Kazi hiyo ilitaka watu wawili. Jioni, kabla Musembi hajarudi, Mwikali alikaa sakafuni upande wake na mimi upande wangu, mbao za mlango kati yetu. Na huko ndiko tulikoanza kuzungumza, mimi na mtoto huyu ambaye kwa miezi mingi tulikuwa hatuna maneno ila ya chumvi na kuni. Labda ni kwa sababu hatukuonana nyuso. Mwanzo ilikuwa ni paka tu. Wako anakula? Anakula. Wako je? Anakula, ila mkia unacheza. Baadaye akaanza kunitajia mama yake, vitu vidogo vidogo, kwamba alikuwa hapendi samaki, kwamba alikuwa akiimba kwa sauti mbaya. Nilikuwa nikisikiliza huku moyo unaniwaka, maana hata hayo niliyaonea wivu. Nani atakuja kukumbuka kwamba mimi naimba vibaya?

Jioni moja akasema kupitia mlangoni:

"Mama aliniambia atakuja mwingine. Akasema nisimchukie. Nikamwambia nitamchukia."

Nikamwuliza kama alifanya hivyo. Nikasikia Malkia akilamba sahani.

"Nilijaribu," akasema. "Lakini ulinitangulia."

Dada, ningekuwa namtazama ningekana. Mlango ulinisaidia. Nilimwambia ni kweli. Kisha, sijui kwa nini, nikamweleza habari za Dama. Musembi alikuwa akijua, lakini Mwikali hakuwahi kuambiwa. Nilimwambia nina binti wa miaka saba Jilore, nilimzaa nikiwa msichana, analelewa na dada yangu, na mwisho wa mwaka atakuja kukaa hapa. Akauliza kama ananijua. Nikasema ananijua, ananiita mama mdogo. Kisha akauliza:

"Sasa mama yake atabaki na nani?"

Nilimjibu kwa ukali kwamba mama yake ni mimi.

"Ndiyo, anti," akasema. "Nauliza yule mwingine."

Niliinuka nikaenda jikoni. Sikuzungumza naye tena jioni ile, na kesho yake nilimlisha Chausiku peke yangu. Lakini swali lile lilibaki likinifuata kila chumba nilichoingia.

Mwezi wa saba tulifungua mlango kwa upana wa kiganja, wakala wakionana. Mwezi wa nane tukaufungua wote. Malkia alimkoromea Chausiku mara moja, Chausiku akapanda ubao wake, Boflo akapiga miayo. Basi. Usifikiri sasa wanalala pamoja wamekumbatiana. Hawapendani, na sidhani kama watapendana. Wakikutana njiani Malkia anageuza uso upande mwingine kama mama mtu mzima aliyeona jambo lisilomhusu, na Chausiku anapita. Kila mmoja ana mahali pake pa kulala na wakati wake wa kwenda stoo, na panya wamepungua sana. Musembi anasema ni kazi ya Gerishom. Tunamwacha aseme.

Na nikwambie lililoniuma mwishowe, baada ya hayo yote. Chausiku wangu, yule aliyekuwa halali ila miguuni pangu, siku hizi analala kitandani kwa Mwikali. Hakuna aliyemlazimisha. Asubuhi ya kwanza nilipomkuta huko nilitaka kumvuta mkia nimrudishe. Nilisimama mlangoni nikamwangalia mtoto amelala na mkono wake juu ya paka wangu, nikarudi kuchemsha chai. Mpaka leo nikimwita chakula anakuja, anakula, ananisugua mguu kwa adabu, kisha anakwenda zake.

Sasa nakuja kwenye lile nililokuwa nikilizunguka tangu mwanzo wa barua. Wakati wa Pasaka nilikutumia habari kwamba sikuweza kuja kwa sababu ya homa. Sikuwa na homa, dada. Nilikuja.

Nilifika Jumamosi mchana. Nilikuwa nimemnunulia Dama gauni la manjano na viatu. Nilishuka barabarani nikatembea kwa miguu mpaka kwenye mikorosho ya mzee Mwambire, pale ambapo mtu akisimama anauona uwanja wako wote. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda, na Dama amekaa chini kati ya magoti yako, unamsuka. Alikuwa akilalamika kwamba unamvuta. Ulicheka, ukainama ukampuliza kichwani pale panapouma, naye akatulia. Mke wa Mwambire akapita kwenye njia ya kisimani, akaita, "Mama Dama, hujambo?" Nawe ukajibu sijambo bila kuinua macho kutoka kwenye nywele, kama mtu aliyeitwa kwa jina alilozaliwa nalo.

Hakuna mtu duniani aliyewahi kuniita jina hilo. Hapa mtaani wateja wa Musembi wakija bado wanamwulizia Mama Mwikali, ambaye yuko kaburini, na wengine wakinitaja wanasema tu yule mke mpya. Nilisimama nyuma ya mkorosho nikiwa na viatu mkononi. Na nitakuambia nilichokitaka, kwa kuwa kama sikuambii wewe sitamwambia mtu. Nilitaka umvute nywele kwa nguvu. Nilitaka alie kweli, akuogope, akimbie, na katika kukimbia anikute mimi. Nilikuchukia, Priscilla. Wewe uliyemnyonyesha mwanangu pamoja na wako, uliyekesha naye akiwa na degedege, nilikuchukia kwa sababu alitulia ulipompuliza.

Nikageuka nikarudi barabarani. Gauni na viatu nilimpa mtoto wa mama mmoja tuliyekuwa tukingoja gari pamoja. Hizo ndizo hasira nilizoingia nazo nyumbani, na ndizo zilizomfunga Malkia kikapuni, na ndizo zilizokuandikia ile barua. Ile haikuwa barua ya mama anayemtaka mtoto wake. Nilitaka tu wewe usiwe naye.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Usimfungie nguo zake. Umeniandikia kwamba ulimweleza mimi ndiye niliyemzaa, na jioni akauliza kama na wewe utakuja kulala huku. Hukuniambia ulimjibu nini. Mjibu ndiyo. Njoo naye Desemba, mkae nasi mpaka mwaka mpya, mlale chumba kimoja kama mlivyozoea. Mwikali amesema atawaachia chake. Mkichoka mtarudi pamoja. Kisha mimi nitakuja Jilore, na safari hii nitaingia mpaka uwanjani. Tutafanya hivyo tena na tena. Siku atakayosema mwenyewe kwamba anataka kubaki kwangu bila wewe, tutasikia kutoka kinywani mwake. Na asiposema kamwe, sijui. Huko sijafika bado. Asilazimishwe kuniita mama, lakini pia asifichwe.

Usidhani nimegeuka kuwa mtu mwema. Wivu bado ninao, na najua siku mtakayoshuka garini nitasimama kibarazani nione ameishika leso yako, ananichungulia kutoka nyuma yako, na itaniuma. Iache iniume. Naomba tu, kwa ajili yangu, usimbandue mkono.

Nisalimie shemeji Mramba, na umwambie ile mbegu ya kunde aliyoomba, Musembi ameiweka, mtaichukua mtakapokuja. Wasalimu watoto, na mke wa Mwambire pia. Dama mwambie mama mdogo anauliza anapenda kula nini. Mwikali ananiambia hapa niandike kwamba anakuamkia. Nangoja neno lako kwa Mwalimu Laban.

Ni mimi mdogo wako,
Kadii